Anayezuru na Anayezurura

Hotuba hii niliitoa mbele ya wafasiri, makarani wa mahakama na wanafunzi wa sheria. Wengi walioalikwa walizuiwa na mvua, kwa hiyo naiweka hapa nzima kama nilivyoisema. Picha zilizokuwa zikioneshwa ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wangu, makarani wenzangu, nanyi wanangu mnaosomea sheria, itifaki imezingatiwa. Habari za asubuhi.

Niliombwa nizungumzie neno moja la Kiingereza linalowasumbua wafasiri. Nimechagua "vagabond". Kamusi inatuambia ni mzururaji, na wengi wetu tukishaandika mzururaji tunafunga faili tunakwenda kunywa chai. Leo nawaomba tusilifunge upesi.

Tuanzie nyumbani. Katika Kiswahili kuna kuzuru, na kuna kuzurura. Waziri akienda mikoani, redio inatangaza kwamba anazuru. Kijana akishuka stendi saa kumi na moja alfajiri na begi lake mgongoni, hajui aelekee kushoto au kulia, tunasema anazurura. Sikilizeni maneno hayo mawili kwa masikio tu: silabi moja imeongezeka. Miguu ni miguu, barabara ni ile ile, vumbi ni lile lile. Ndugu zangu, ni nini kilichobadilika hapo katikati? Tendo liko wapi?

Swali hilo, tendo liko wapi, mtalisikia tena na tena asubuhi hii. Mnisamehe, ndilo nililokuja nalo.

Waingereza wana maneno mengi ya kutembea bila safari maalumu. Wana "meander", ambalo ni jina la mto. Mto huo uko magharibi mwa Uturuki, siku hizi unaitwa Büyük Menderes, na unajikunja mno kabla ya kufika baharini hata jina lake likawa kitenzi. Wana "wander", na hili nalipenda kuliko yote. Asili yake ni kugeuka, kujipinda, kuzunguka. Na ile "er" ya mwishoni, katika vitenzi vya zamani vya Kiingereza, ilikuwa alama ya kurudiarudia tendo. Sisi tunafanyaje tunapotaka kusema tendo linarudiwarudiwa? Tunalitaja mara mbili. Tanga, tangatanga. Randa, randaranda. Zunguka, zungukazunguka. Lugha mbili ambazo hazina undugu wowote zimemtazama mtu yule yule njiani, zikamsemea kwa mbinu ile ile. Mimi kila nikilifikiria jambo hilo nafurahi kama mtoto.

Lakini "wander" halina kesi. Mawingu huenda hivyo, mawazo huenda hivyo, mbuzi nao huenda hivyo. "Vagabond" lina kesi. Kwa nini?

Chimbuko lake ni Kilatini, "vagari", maana yake kutangatanga tu. Katika ukoo huo huo kuna jina la mshipa wa fahamu ambao madaktari wanauita "vagus". Kama yupo muuguzi humu ndani atanisahihisha. Mshipa huu unatoka kichwani, unashuka shingoni, unapita kwenye moyo na mapafu, unakwenda mpaka tumboni. Waliouchunguza zamani waliona unavyotangatanga mwilini wakauita mtangatangaji. Sasa niambieni, mtangatangaji huyu hana kazi? Ndiye anayetuliza mapigo ya moyo. Ndiye anayeliamuru tumbo kusaga chakula. Ukimkamata ukamweka ndani kwa kosa la kuonekana shingoni bila sababu ya msingi, mwenye mwili atakuwa taabani.

Kwa hiyo katika mzizi wake neno halina uovu. Uovu lilivishwa, na aliyelivisha anajulikana: ni sheria.

Twende Uingereza mwaka 1348. Tauni inaingia na kuua watu wasiohesabika. Mashamba yanabaki bila mikono. Vibarua waliosalia wanagundua jambo jipya maishani mwao, kwamba kazi yao ina bei. Shamba hili linalipa kidogo, la ng'ambo ya mto linalipa zaidi, basi mtu anafunga virago anavuka mto. Mwaka 1349 Mfalme Edward wa Tatu anatoa amri: ujira urudi kama ulivyokuwa kabla ya tauni, mwenye nguvu afanye kazi akiambiwa, na mtu asimpe sadaka ombaomba mwenye afya yake. Mnaona kilichotokea? Yule aliyekuwa njiani alijua vizuri sana anakokwenda. Alikuwa anafuata ujira. Aliyeuona mwendo wake kuwa hauna shabaha ni mwenye shamba aliyeachwa.

Baada ya hapo adhabu zilizidi kuwa kali. Mwaka 1547, enzi za Edward wa Sita, Bunge lilipitisha sheria kwamba mzururaji achomwe kifuani kwa chuma cha moto alama ya herufi V, kisha awe mtumwa wa bwana wake miaka miwili. Akitoroka, alama ya herufi S, ya "slave", yaani mtumwa, na utumwa wa maisha. Narudia, wanangu, ili msidhani mmesikia vibaya: herufi ya kwanza ya neno ilichomwa kwenye ngozi ya mtu. Sheria hiyo ilikuwa ya kikatili kiasi kwamba haikudumu, ilifutwa baada ya miaka michache. Hata hivyo, kwa mfasiri hakuna picha inayoeleza "vagabond" vizuri zaidi ya hiyo. Ni neno lililotengenezwa ili libandikwe juu ya mtu.

Mwaka 1572 orodha ya wazururaji iliongezwa. Wakaingizwa waigizaji wa michezo ya jukwaani wasiokuwa na bwana mkubwa wa kuwadhamini. Ndiyo sababu makundi ya waigizaji yalijiweka chini ya majina ya mabwana, na hata kundi la Shakespeare lilitembea chini ya jina la bwana, na baadaye chini ya jina la mfalme. Bila jina hilo, msanii ni mhalifu. Akiwa nalo, anacheza mbele ya malkia. Mchezo ni ule ule. Tendo liko wapi?

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1824. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha miaka tisa kabla, askari wamerudi hawana kazi, wanalala chini ya madaraja. Sheria hii iliwapanga watu katika mafungu matatu: wavivu na wasio na utaratibu, kisha walaghai na wazururaji, kisha walaghai walioshindikana. Mafungu ya watu, sikilizeni, wala si ya makosa. Na hii ndiyo iliyopakiwa melini kuja kwetu.

Katika Tanganyika ilishuka ndani ya Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, ndipo tulipopata vifungu vya 176 na 177, vya wavivu na wazururaji, ambavyo kila karani humu ndani anavijua kwa namba kama anavyojua namba ya simu ya mama yake. Kenya walikuwa tayari na sheria ya kipande ya mwaka 1915, iliyomfanya mwanamume Mwafrika avae shingoni kikebe chenye karatasi ya ajira yake, ili kila anayemkuta barabarani ajue ni wa nani.

Hapa nataka nisimame kidogo. Neno letu mzungu, wataalamu wengi wanaliunganisha na zunguka. Mzungukaji. Mtu aliyeonekana akipita huku na huku bila watu kuelewa anatafuta nini. Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone bila kujua yuko wapi, akatembea miezi mpaka Ujiji. Kwa kipimo cha kifungu cha 177 huyo angeshikwa kabla ya kufika Morogoro. Babu zetu walimfanya nini? Ugogo misafara ilitozwa hongo. Msicheke, hongo wakati huo haikuwa rushwa, ilikuwa ushuru wa kupita na kuteka maji. Unapita kwangu, unakunywa kisima changu, lipa, nenda. Walilipisha tendo. Hawakumuuliza mpitaji kwa nini yupo duniani.

Sisemi wazee wetu walipenda uvivu. Hapana. Walisema mtembezi hula miguu yake. Ni karipio kali, na bibi yangu alinikaripia hivyo mara nyingi nilipochelewa kurudi kisimani. Lakini tazameni adhabu imewekwa wapi: miguuni mwa mtembezi mwenyewe. Wahenga hao hao wakasema tembea uone. Waliliacha neno liwe na pande mbili, msikilizaji aamue kwa kumtazama mtu aliye mbele yake.

Sheria haikuacha pande mbili. Na baada ya uhuru tuliirithi na kuitumia sisi wenyewe. Wenye umri wangu wanaikumbuka sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983. Nchi ilikuwa imetoka vitani, maduka matupu, sabuni ni ya foleni, na Serikali ilitaka kila mwenye nguvu azalishe. Nia hiyo naielewa, wala siibezi. Ila mitaani ilipofika iligeuka swali moja: kitambulisho cha kazi kiko wapi? Asiyekuwa nacho alipandishwa lori kupelekwa kijijini. Fundi wa viatu aliyekaa chini ya mwembe ule ule kwa miaka mingi, akishona soli za mtaa mzima, hakuwa na mwajiri wa kumwandikia barua. Kwa macho yetu alikuwa fundi. Kwa macho ya karatasi alikuwa mzururaji.

Sasa naomba niwaambie jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu.

Mwaka wangu wa kwanza wa ukarani, katika mahakama ambayo sitaitaja, aliletwa muuza kahawa. Alikamatwa baada ya saa kumi usiku. Birika lake lililetwa kama kielelezo, lile la kitako cha mkaa, na majivu yalikuwa bado yamo ndani. Mwenzangu akatandika gazeti sakafuni pasichafuke. Vikombe vilikuwa sita, vidogo, vya udongo mweupe, kimoja kimevunjika ukingo. Shtaka lilikuwa uzururaji.

Mashauri, kama mnavyojua, yalikuwa yanaendeshwa kwa Kiswahili na kumbukumbu inaandikwa kwa Kiingereza. Hakimu akamwuliza, wakati ule ulikuwa unafanya nini? Yule baba akajibu: "Nilikuwa natembeza kahawa, mheshimiwa."

Hakimu, mtu mpole, akasimamisha kalamu akanigeukia. "Karani, kutembeza hapa tuandikeje?"

Nilikuwa kijana, nina cheti kipya, naona fahari kuulizwa. Nikajibu haraka: "walking around". Ikaandikwa hivyo. "I was walking around with coffee." Yaani, nilikuwa natembeatembea na kahawa.

Ndugu zangu, niwatazame wafasiri usoni. Nilifanya nini pale? Tembea, tembeza. Ile "eza" ndiyo iliyokuwa utetezi wake wote. Kutembea ni kwa mtu. Kutembeza ni kukifanya kitu kitembee, na kitu kikitembezwa na mtu mwenye birika, kinauzwa. Kila mtoto wa mtaani anajua kwamba anayetembeza yuko kazini. Kiingereza kina neno lake, "hawking", nami nilikuwa nalijua. Halikunijia. Nikachukua kazi ya mtu nikaigeuza matembezi.

Hukumu iliposomwa, hakimu alisema mshtakiwa amekiri mwenyewe kwamba alikuwa akitembeatembea usiku. Akatozwa faini. Hela hakuwa nayo. Akachukuliwa. Birika likabaki kwenye gazeti hadi jioni, ndipo mke wake akaja kulifuata, akavifunga vile vikombe kimoja kimoja kwenye kona ya kanga yake.

Nimefasiri mikataba ya mamilioni tangu siku hiyo. Sina sentensi inayonirudia usiku kama ile.

Mnaweza kuniambia, mama, hilo lilikuwa kosa la neno moja, sheria inahusikaje? Inahusika kwa sababu sheria yenye tendo ingenizuia nisikosee. Angeshtakiwa kwa wizi, hakimu angeuliza, kimeibwa nini, cha nani? Angeshtakiwa kwa kuvunja nyumba, angeuliza, mlango upi? Hapa hapakuwa na cha kuuliza. Kosa ni kuonekana mahali pa wazi, wakati fulani, katika hali ya kumfanya mtu adhani una nia mbaya. Mtu gani huyo anayedhani? Nia imeonekanaje? Tendo liko wapi? Palipo na uwazi kama huo, neno moja la karani linatosha kumfunga mtu.

Na si mimi peke yangu ninayesema hivi. Malawi, mwaka 2015, mchuuzi anayeitwa Mayeso Gwanda alikamatwa alfajiri akielekea soko la Limbe kuuza mifuko ya plastiki. Akashtakiwa kuwa mlaghai na mzururaji, kwa maneno yale yale ya 1824. Hakukubali. Januari 2017 Mahakama Kuu ya nchi yake ikasema kifungu hicho kinakiuka katiba. Mtu alikuwa anakwenda sokoni! Alikuwa na mzigo, soko, na saa ya kufika. Ilichukua karibu miaka miwili mahakamani kuthibitisha kwamba alikuwa na anakokwenda.

Kisha, tarehe 4 Desemba 2020, hapa hapa kwetu Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni ya ushauri yaliyoombwa na PALU, umoja wa wanasheria wa bara hili. Ikasema sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, na nchi zizirekebishe au zizifute. Wanafunzi, someni maoni yale yote, lakini sisi wa lugha tusome hasa pale majaji walipoyagusa maneno yenyewe. Walieleza kwamba majina kama hayo ni mabaki ya mtazamo wa kikoloni, na kwamba yanafungua njia ya kumtendea mtu kana kwamba ana utu pungufu. Majaji hao walifanya kazi yetu, ndugu zangu. Walilisoma neno. Miaka miwili baadaye, Desemba 2022, Mahakama ya Katiba ya Uganda nayo ikabatilisha sehemu za kifungu chao cha aina hiyo. Na Uingereza penyewe, mwaka huo huo wa 2022, Bunge likapitisha kwamba ile sheria ya 1824 ifutwe.

Kwa nini nayasema haya kwenu, na si kwa wabunge? Kwa sababu mwaka 2021 Bunge letu lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tuliishangilia siku ile, na tulistahili kushangilia. Maana yake ni kwamba maneno yaliyokaa ndani ya Kiingereza miaka tisini sasa yanapita mezani kwetu, moja moja, kupewa Kiswahili chake. "Rogue", yaani mlaghai, litapita. "Vagabond" litapita. Na Kiswahili tutakachoyapa ndicho atakachosomewa mtu kizimbani, kwa lugha ya mama yake, bila pazia la Kiingereza. Mzururaji. Mhuni. Mkisikia mhuni mnamwona nani? Kamusi inamtaja pia kuwa ni kapera, mtu ambaye hajaoa. Mtu bila mke, bila nyumba, bila bwana: tumempa jina, na jina hilo tukalifanya tusi.

Mimi napendekeza, na mnaweza kunipinga baada ya chai, kwamba mfasiri asitafute jina zuri zaidi la kumbandika mtu. Aandike kifungu kwa vitenzi. Kilichokatazwa ni nini, kufanya nini, wapi, kwa nani? Kitenzi kikikosekana, mfasiri asikizibe kifungu kwa jina. Aandike pembeni, kwa heshima, kwamba katika Kiingereza chenyewe hakuna tendo linalotajwa, kisha ampelekee mwandishi wa sheria. Hilo ni jambo dogo, ni mstari mmoja wa kalamu. Mimi mwaka ule sikuwa nao.

Namalizia na yule baba. Nilimtafuta. Ilinichukua miaka, na nilimpata akiwa bado na birika, si lile, jingine. Nilimweleza mimi ni nani. Alinitazama kwa muda, akaniwekea kigoda. Nikamwomba anitajie njia yake ya usiku ule, alikotoka na alikokuwa akienda, maana siku ile hakuna aliyemwuliza.

Akanitajia kwa vidole. Saa tisa na nusu kuwasha mkaa. Saa kumi kwa wapakuaji wa malori, hao wanataka tangawizi nyingi. Kisha kwa mlinzi wa ghala, vikombe viwili, kimoja cha mkopo hadi Ijumaa. Kisha nje ya msikiti watu wakitoka kuswali alfajiri. Kisha stendi, makondakta, na kashata. Kisha kijiwe cha bao, kwa mzee mmoja asiyetaka kikombe chochote ila kile kilichovunjika ukingo, kwa sababu amekizoea.

"Usiku ule nilikuwa nimefika kwa mlinzi," akasema.

Akanimiminia kikombe, akainuka, akagonganisha vikombe viwili vilivyobaki mkononi, akaniomba radhi kwamba hawezi kukaa zaidi. Pale stendi walishaanza kumwulizia.